Neno Lisilo na Ukoo

Saa tano usiku, ukurasa wa 14, mstari wa tatu kutoka chini. Salma amelala, baba yake anakoroma taratibu chumba cha pili, na mimi nimekaa kwenye meza ya chakula na kompyuta yangu, chai ya tangawizi imeshapoa. Nilikuwa natafsiri kijitabu cha ushauri nasaha kwa vijana. Kazi ilikuwa inakwenda. Sonona, wasiwasi, upweke, msiba: hayo yote nina maneno yake, nayapokea na kuyavusha. Halafu likaja neno la Kiingereza limerence, la mtu aliyeshikwa na mwenzake hata hamtoki akilini.

Nikakwama.

Usingizi ulikuwa umenibana, nikaandika "kupenda kupita kiasi", nikaendelea na ukurasa wa 15. Siku nne baadaye mhariri akanirudishia faili. Pembeni ya mstari ule ameandika: "Hapana. Mama anampenda mwanawe kupita kiasi. Hili si hilo."

Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Nikajaribu "mahaba mazito". Nikajaribu "mapenzi ya upofu". Nikajaribu "wazimu wa mapenzi". Kila moja nililala nalo, asubuhi nikilitazama naona limekaa upande, kama sahani juu ya jiwe. Wiki sita nimelibeba neno hili kichwani, sokoni nalo, kwenye daladala nalo. Nimeona heri niliandike litoke.

## Mama wa Bridgeport

Aliyelitunga ni Dorothy Tennov, mwanasaikolojia wa Kimarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut. Tangu miaka ya 1960 alikuwa akiwauliza watu habari za mapenzi yao. Aliwapa madodoso, akakaa nao wakazungumza, akasoma shajara walizomkabidhi, mpaka akawa na maelezo ya mamia ya watu. Mwaka 1979 akatoa kitabu, Love and Limerence. Lakini neno lenyewe lilishatangulia: mwaka 1977 lilikuwa limefika kwenye gazeti la The Observer la London, na humo Tennov akaeleza chimbuko lake.

Chimbuko halipo.

Alisema alianza na neno jingine, amorance, ambalo angalau lina harufu ya Kilatini cha mapenzi, kisha akaliacha akashika limerence. Halina mzizi wowote. Alilipenda kwa sababu linapendeza kulitazama na linakaa vizuri hata kwenye Kifaransa.

Nilikasirika niliposoma hivyo. Sisi wa kazi hii tunaishi kwa mizizi. Ukinipa neno nisilolijua, nauliza limetoka kwa nani, limepita wapi, limeolewa na nani njiani. Neno lisilo na ukoo utalitambulishaje kwa wageni? Kwa siku kadhaa nililiona kama dharau, msomi mmoja kukaa mezani kwake na kuwapangia walimwengu herufi zilizomfurahisha.

Kilichonigeuza ni kuyaangalia maneno aliyokuwa nayo mkononi. Kiingereza kina infatuation. Lichimbue, chini kabisa utakuta fatuus, Kilatini cha mpumbavu. Kwa hiyo mtu aliyeshikwa na hali hii, kwa neno hilo, amefanywa mpumbavu. Kuna crush, msemo wa vijana wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, ambao maana yake ya kwanza ni kuponda. Kuna lovesick, na humo umeshapewa ugonjwa kabla hujafungua mdomo. Sasa jiweke mahali pa Tennov. Mbele yako amekaa mtu mzima, ana kazi yake na watoto wake, anakueleza kwa aibu kwamba mwaka wa pili huu hawezi kumtoa mtu fulani akilini. Utamwandika kwa neno gani? La mpumbavu, la aliyepondwa, au la mgonjwa?

Alihitaji neno ambalo halijawahi kumcheka mtu. Katika lugha yake halikuwepo, akalitunga.

Tangu hapo nimeacha kulinunia. Na kwa kuwa halina kwao, nimelipa herufi zetu: limerensi.

## Tutaonana

Ndani ya limerensi, kama Tennov alivyoieleza, mna mambo ambayo hayaji mmojammoja, huja kama ukoo mzima. Mawazo juu ya mtu mmoja yanayoingia bila hodi, hata ukiwa kazini, hata ukiwa kwenye sala. Kiu ya kupendwa na mtu huyohuyo, si mwingine. Hofu ya kukataliwa inayokufanya ushindwe hata kumsalimia. Maumivu ya kweli kifuani mambo yakiwa mabaya, na mwili mwepesi kama unatembea hewani pale unapodhani naye anakutaka. Kila neno lake, kila mtazamo, unaurudia na kuupima kama mfua dhahabu. Ukiwekewa kizuizi, moto unazidi.

Mwaka 2008 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nina simu ya Nokia ya tochi. Kulikuwa na kijana mmoja, simtaji. Simu zile ziliposhiba ujumbe hazikupokea mpya mpaka ufute za zamani. Kibahasha kinawaka na kuzimika juu ya kioo, kinakuambia kuna kitu kinasubiri mlangoni. Usiku mmoja kikaanza kuwaka. Nikajiambia ni yeye. Nikaanza kufuta. Zikaenda za marafiki, zikaenda za kiongozi wa darasa, mwisho zikabaki za watu wawili: zake, na za mama.

Zake zilikuwa sita. Mmoja ulisema: "Poa. Tutaonana." Basi, maneno mawili. Nilikuwa nimeyasoma kwa kila sauti inayowezekana. Je, hiyo "tuta" ni ahadi, au ni desturi tu ya watu wanaoagana? Na ile nukta baada ya "poa", aliiweka kwa ubaridi au kwa kutulia? Kuna siku nilikosa kipindi cha asubuhi kwa ajili ya nukta ile.

Nikafuta za mama.

Mmoja ulikuwa wa kuniambia amempa dereva wa basi elfu kumi aniletee, nikaichukue Ubungo kabla ya magharibi, nisilale na njaa. Kibahasha kilipofunguka, ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu unaotangaza muda wa maongezi.

Mama alifariki mwaka 2013. Sina ujumbe wake hata mmoja.

Nimekaa na jambo hilo miaka mingi nikiliita ujinga. Hiyo ndiyo kazi ya maneno yenye matusi ndani yake: yanakufanya ujilaani, kisha ukishajilaani huulizi tena ilikuwaje. Tennov alikadiria kwamba hali hii kwa wastani hudumu kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Yangu ilikaa miezi 22. Nilipoikuta hesabu ile niliweka kitabu chini, nikaenda kusimama dirishani.

Na alitaja milango mitatu ya kutokea. Mtu wako akupokee, ukawa na hakika naye. Au tumaini life njaa, lisibaki hata punje ya kulilisha. Au limerensi ihamie kwa mtu mwingine. Mimi nilitoka kwa mlango wa pili. Alinitambulisha kwa mchumba wake kwenye foleni ya mgahawa, akasema, "Huyu ni dada yangu wa chuoni." Nililia wiki mbili. Wiki ya tatu nilikula pilau, nikaisikia ladha yake.

## Simu ya Pangani

Shangazi yangu mkubwa anaishi Pangani. Hakuvuka darasa la nne, lakini nikikwama na neno ndiye kamusi yangu ya mwisho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wazima huko?"

Nikamweleza. Nikamhesabia dalili zote, moja baada ya nyingine, nikamwuliza mtu wa namna hiyo Kiswahili kinamwitaje.

"Huyo kapagawa," akasema palepale. Halafu akanyamaza kidogo. "Na unajua kwa nini kapagawa? Hajaambiwa ndiyo, hajaambiwa hapana. Angeambiwa mojawapo angelala."

Wiki tatu nilikuwa nazunguka kwenye ukubwa wa mapenzi: mengi, mazito, makali, ya kupita kiasi. Nilikuwa napima kwa kibaba kitu kisichopimwa kwa kibaba. Limerensi haikai kwenye wingi, inakaa kwenye kutojua. Tennov mwenyewe anasisitiza hilo: lazima pawe na tumaini, na lazima pawe na shaka, na viwili hivyo vibaki vinavutana. Kitabu kizima kile, shangazi kanipa kwa sentensi mbili akiwa anachambua mchele.

Kisha akaniambia jambo ambalo katika umri wangu wote sikuwahi kulisikia. Mwaka 1974, kabla hajaolewa na mjomba, kulikuwa na karani wa shamba la mkonge aliyekuwa akivuka mto kwa kivuko kutoka Bweni. Yeye alikuwa akiuza nazi karibu na gati. Karani akishuka, humsalimia.

"Unajua alinisalimia mara ngapi? Mara 11. Ya 12 akapita kimya. Nikaugua siku tatu, mama akaniita mganga, mganga akasema ni homa ya mtoni."

"Ukamwambia lolote yule karani?"

"Nimwambie nini? Salamu ni za watu wote."

## Aliyependa na aliyepagawa

Baada ya simu ile niliketi na karatasi nikaandika mambo tunayosema Waswahili mtu akishikwa. Amepagawa. Ametekwa. Amenaswa. Amezimika. Amepumbazika. Nikayatazama, nikaona kitu ambacho nimekuwa nikikitamka kila siku bila kukisikia.

Yote ni kauli ya kutendwa au ya kutendeka.

"Nampenda" ni tendo langu. Mimi ndiye mtenda, naweza kuulizwa kwa nini, naweza hata kuapa nalo mbele ya kadhi. Lakini "nimepagawa" hakuna nilichofanya, nimefanyiwa. Na kupagawa kwenyewe tumelitoa kwenye mambo ya pepo: kuna kilichopanda kichwani, mwenye kichwa hakuulizwa. Tennov aliandika kurasa nyingi kuwashawishi wenzake kwamba hali hii haichaguliwi. Sarufi yetu inalisema hilo kwa kiambishi kimoja.

Nomino ndiyo ilinishinda. Vitenzi tunavyo tele, jina la hali yenyewe ndilo linalotupa taabu. Tulikuwa nalo, nadhani, na tumeliacha likachakaa: ashiki.

Leo ukisema ashiki watu wanaangalia chini. Limebanwa likawa la tamaa ya mwili tu, neno la mawaidha ya Ijumaa na ya semina za vijana. Lakini chimbuko lake ni ishq ya Kiarabu, na wataalamu wa lugha wa zamani waliinasibisha na mmea unaotambaa, unaojiviringisha kwenye mti mpaka mti unakauka. Nani aliyewahi kulala macho kwa ajili ya nukta atakataa kuuona mmea huo?

Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliiweka ishq ndani ya Kanuni ya Tiba, karibu na magonjwa ya huzuni na fikra. Mgonjwa akikataa kumtaja anayemwaza, alielekeza, shika mshipa wa mkono, kisha taja majina ya watu, mitaa, nyumba, kazi. Pale mapigo yanapoyumba, umempata. Na dawa aliyoiona bora ni kuwaunganisha wawili hao, kama dini na sheria vinaruhusu. Tabibu huyo hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika mkono wa mtu.

Na kabla ya matabibu kuna Sura ya Yusuf, ambayo wengi wetu tumeisikia tangu chuoni kwa maalim. Aya ya 30, wanawake wa mji wanamsema mke wa mheshimiwa: mapenzi ya kijana wake yamemwingia. Kitenzi kilichotumika pale, shaghafa, wafasiri wanakieleza kuwa yamepenya mpaka kwenye utando wa moyo. Hapo pia mwanamke hatendi, ametendwa. Na wale waliomsema, walipomwona Yusuf, walikata mikono yao kwa visu bila kujua.

## Chongo na kengeza

Miaka 157 kabla ya kitabu cha Tennov, mwandishi Mfaransa Stendhal alitoa kitabu juu ya mapenzi, De l'amour, mwaka 1822. Humo ana mfano maarufu wa machimbo ya chumvi karibu na Salzburg. Watu hutupa tawi kavu ndani ya shimo lililoachwa. Baada ya miezi miwili mitatu hulitoa limejaa fuwele zinazometa kama almasi, tawi lenyewe halionekani tena. Akili ya mpendaji, alisema, humfanyia mpendwa hivyohivyo.

Tennov aliutumia sana mfano huo lakini akausahihisha mahali pamoja. Kwa maelezo ya watu wake, kasoro hazifichiki kila mara. Wengi huziona vizuri kabisa, ila hazina uzito. Wema uliopo kweli ndio unaokuzwa.

Nikamkumbuka bibi na methali yake: ukipenda, chongo huita kengeza. Itazame kwa makini. Methali haisemi kwamba mpenzi haoni chongo. Jicho ameliona. Anachofanya ni kulipa jina jepesi. Bibi na Tennov wako upande mmoja, Stendhal yuko peke yake na fuwele zake.

Lakini nina neno na Stendhal. Aliyemfanya aandike kitabu kile ni Métilde Dembowski, aliyekutana naye Milano mwaka 1818, mama wa watoto wawili aliyetengana na mumewe. Métilde hakumtaka Stendhal. Mwaka 1819 Métilde aliposafiri kwenda Volterra kuwaona wanawe shuleni, Stendhal alimfuata huko akiwa amevaa miwani ya kijani ili asitambulike. Alitambulika. Métilde alikasirika sana.

Nimesoma kisa hicho kikisimuliwa kama vituko vya msanii. Mimi kila nikikisoma namfikiria Métilde, barabarani ugenini, anageuka na kumwona mtu ambaye alishamwambia hapana. Tennov alimwita mtu anayewazwa kwa herufi mbili, LO, na hiyo O ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya kitu au kilengwa. Ilinikera mwanzoni, sasa naona ni maelezo ya kweli ya balaa lenyewe. Ukiwa ndani ya limerensi, yule mwenzio anageuka kioo cha kusomea jibu lako. Kwamba naye ana siku yake, ana uchovu wake, ana watoto wa kwenda kuwaona, hilo linapotea. Kutochagua kushikwa hakukupi ruhusa ya kuvaa miwani ya kijani.

Sentensi hiyo nilitaka kuiingiza kwenye kijitabu. Mhariri akasema mtafsiri haongezi. Basi naiacha hapa.

## Je, ni ugonjwa?

Hili lilinisumbua kwa sababu vijana watakaosoma ukurasa wa 14 watataka kujua wajiite nani. Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Pisa, Italia, walichukua damu ya watu 20 waliokuwa wamependa karibuni, wakailinganisha na ya wagonjwa 20 wa fikra zinazojirudia bila kukoma, na ya watu 20 wa kawaida. Kwa kipimo kimoja kinachohusiana na serotonini, kemikali mojawapo ya ubongo, wapendaji walifanana na wagonjwa na si na watu wa kawaida. Baadhi ya wapendaji walipopimwa tena mwaka mmoja au zaidi baadaye, hali ile ya kwanza ikiwa imepita, kipimo kilikuwa kimerudi mahali pake.

Kufanana si kuwa. Tennov alishikilia kwamba limerensi inawapata watu wazima wa akili, ni sehemu ya ubinadamu. Nimechagua kumwamini, ingawa najua kuna walioharibikiwa nayo. Shangazi aliugua siku tatu, siku ya nne akauza nazi.

## Si ulikuwepo?

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Katika utafiti wake Tennov alikutana na jambo ambalo hakulitarajia. Kulikuwa na watu waliomweleza kwamba hali hiyo hawajawahi kuionja. Wameoa, wameolewa, wanapenda, wanalea, wanalia wakifiwa, lakini huo mmea haujawahi kuwapanda. Na hawakuwa na upungufu wowote. Walikuwa wakisikia wenzao wanavyozungumza wakidhani ni chumvi za washairi. Wenzao nao walikuwa wakiwaona mioyo yao ni ya mawe.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu, kisha nikaangalia mlango wa chumba cha pili.

Baba Salma na mimi tuna miaka 12. Ni mtu wa kunichemshia maji ya kuoga bila kuambiwa. Mama alipoumwa, yeye ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali usiku sita, shati lake amelikunja likawa mto. Lakini hajawahi kuniambia neno moja la kupagawa, na mimi miaka yote hiyo nimetembea na kijiwe kiatuni. Nilikuwa nikijisemea: mimi nilimfia mtu ambaye hakunitaka, na huyu aliyenitaka hajanifia.

Mwaka wa pili wa ndoa nilimwuliza. Tulikuwa tumekaa barazani, umeme umekatika.

"Baba Salma, hivi uliwahi kukosa usingizi kwa ajili yangu?"

Akafikiri kweli. Ni mtu anayefikiri akiulizwa.

"Kwa nini nikose usingizi? Si ulikuwepo?"

Niliingia ndani nikalia, na hakujua kosa lake, na sikumwambia. Kwa miaka kumi nimelibeba jibu lile kama ushahidi dhidi yake. Si ulikuwepo. Niliisikia kama, wewe ni kama kabati, upo tu.

Baada ya Tennov, na baada ya shangazi, nikalisikia upya. Hakuwa na shaka. Tumaini na shaka havikupata mahali pa kuvutana kwa sababu nilikuwepo, na kuwepo kwangu kulimtosha. Ibn Hazm wa Andalusia, mwanachuoni aliyeandika Tawq al-Hamama mnamo mwaka 1022, anagawa watu kwa namna wanavyoingia kwenye mapenzi: wapo wa kuona mara moja, wapo wa kusikia sifa tu, wapo hata wa ndotoni, na yeye mwenyewe anakiri kwamba mapenzi ya mtazamo mmoja yanamshangaza, kwani kwake hayaingii ila baada ya muda mrefu wa mazoea. Nilipofika hapo nilicheka kwa furaha peke yangu sebuleni. Nimeolewa na mtu wa Ibn Hazm.

Siwezi kusema kijiwe kimetoka chote. Zipo jioni ambazo bado ningependa mtu asome nukta yangu. Lakini sasa najua ninachokitamani kina jina, na jina hilo si mapenzi.

## Ukurasa wa 14

Niliandika hivi, na mhariri akakubali: "Limerensi ni hali ya kupagawa na mtu mmoja bila kutaka, inayolishwa na kutojua kama naye anakutaka." Neno limebaki geni, maelezo yake ni yetu. Nilifikiria kulirudishia ashiki heshima yake ya zamani, nikaona kijana wa miaka 17 ataisoma aya nzima akiwa ameangalia chini.

Siku niliyokabidhi kazi nilimpigia shangazi, nikamsomea sentensi yake, kwa kuwa nusu ni yake. Akaniambia nirudie lile neno.

"Li-me-ren-si," akalijaribu. "Linateleza. La wapi?"

"La Marekani, shangazi, lakini halina asili. Mama mmoja alilitunga tu."

"Kwa hiyo halina wenyewe."

"Halina."

Akakaa kimya, nikasikia kuku wake, nikasikia mtu anapita na kumpigia hodi akamjibu karibu. Nilidhani amenisahau.

"Alikuwa na Raleigh ya kijani," akasema. "Kengele yake ilikuwa mbovu, ikilia mara mbili ya tatu haitoki. Nilikuwa nikiisikia kabla kivuko hakijagusa nchi kavu."